Breki za trela zikigoma, anzia kwenye plagi

Nilinunua kontrola ya pili, yaani kisanduku kinachopeleka umeme kwenye breki za trela, kabla sijajua kwamba ya kwanza haikuwa na kosa. Nilikuwa Texas, na trela ya kubebea magari niliyoinunua ikiwa imeshatumika: ekseli mbili, breki kwenye magurudumu yote manne. Kisanduku cha kontrola chini ya dashibodi ya pikapu kilikuwa kinawasha taa yake ya kijani, ishara kwamba kimeitambua trela. Ila nikikanyaga pedali, trela inanisukuma kwa nyuma kama ng'ombe asiyetaka kusimama. Nikang'oa kontrola, nikafunga mpya, mambo yakawa yaleyale. Jamaa mmoja wa Bukavu, ambaye kazi yake ni kuvuta magari kwa pikapu, akapita, akatazama, akauliza swali moja: "Kaka, shida iko upande wa gari ao upande wa trela?"

Nikabaki namwangalia. Siku zote hizo sikuwa nimejiuliza.

Swali hilo ndilo linalookoa hela, na sehemu ya kulijibia ni plagi. Mbele ya plagi ni gari, nyuma yake ni trela, na kosa haliwezi kujificha pande zote kwa wakati mmoja, labda uwe na bahati mbaya sana. Lakini kabla ya kupima, inafaa kuelewa unapima nini.

Trela ndogo nilizokulia nazo Tanzania hazikuwa na breki yoyote, na malori makubwa yalitumia breki za upepo. Marekani, trela za kati zinazovutwa na pikapu nyingi zina breki za umeme, na sheria inazidai kulingana na uzito. Texas, trela ambayo uzito wake pamoja na mzigo hauzidi pauni 4,500, kama kilo 2,040, inaruhusiwa kutembea bila breki. Ikizidi hapo inatakiwa iwe nazo, ukiacha misamaha michache kama ile ya mwendo wa polepole. Trela ya ekseli mbili ukiipandisha gari moja tu la kawaida, hesabu hiyo umeshaivuka.

Ndani ya kila dramu ya breki kuna sumaku ya umeme iliyofungwa kwenye ncha ya mkono mdogo wa chuma. Umeme ukipita, sumaku inajibandika kwenye uso wa ndani wa dramu, na kwa kuwa dramu inazunguka, inaiburuta. Mkono unasogea, unazitanua brekishu, vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani, gurudumu linakamatwa. Angalia ujanja ulipo: umeme hausukumi brekishu. Kazi ya kusukuma inafanywa na gurudumu lenyewe linalozunguka, umeme unatoa mshiko tu. Ndiyo maana breki hizi haziko katika hali mbili tu, ya kufanya kazi na ya kufa. Mkondo ukipungua nusu, mshiko nao unalegea, na dereva anaona trela "inashika kidogo". Hiyo "kidogo" ndiyo inayowachanganya watu kuliko breki iliyokufa kabisa.

Kontrola nyingi za kununua dukani zina waya nne. Mweusi unatoka kwenye betri kupitia saketi breka, kifaa kinachokata umeme ukizidi, ya ampea 20 kwa trela yenye breki mbili hadi nne, na ya ampea 30 kwa breki sita hadi nane. Mweupe ni ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, na unatakiwa uende hadi kwenye hasi ya betri yenyewe, si kwenye skrubu yoyote uliyoiona chini ya dashibodi. Mwekundu unatoka kwenye swichi ya pedali ya breki na kazi yake ni kuleta habari tu: dereva amekanyaga. Wa bluu ndio unaopeleka umeme kwenye plagi na kisha kwenye sumaku.

Kwenye kontrola rangi hizo zinaaminika. Ukivuka plagi, usiamini rangi. Plagi ya pini saba ina desturi mbili zinazogongana. Kwa desturi ya kwanza, ambayo ndiyo ya pikapu nyingi, kahawia ni taa ndogo za nyuma, njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia. Kwa desturi ya pili, inayokutwa sana kwenye trela za kupigia kambi, kijani ndiyo taa ndogo, nyekundu ni kushoto, kahawia ni kulia. Mtu akiunga kijani kwa kijani anapata indiketa inayowasha taa za nyuma. Nafuu ni kwamba desturi zote mbili zinakubaliana kuhusu bluu, nyeupe na nyeusi: breki, ethi na umeme wa betri. Plagi za zamani za pini sita, hasa kwenye trela za farasi, hazina hata nafuu hiyo, kwa kuwa pini ya katikati inaweza kuwa ya betri au ya breki kutegemea aliyeifunga. Ukikosea hapo, umeme wa betri unaingia kwenye sumaku moja kwa moja na trela inang'ang'ania barabara hujagusa hata pedali.

Kifaa cha kwanza cha kupimia tayari unacho, nacho ni ile swichi ya mkono kwenye kontrola, inayowasha breki za trela peke yake. Swichi ya mkono ikifanya kazi na pedali isifanye, usiende nyuma kabisa: tazama waya mwekundu, fyuzi ya taa za breki na swichi ya pedali. Swichi hiyo ina upande wenye umeme muda wote na upande unaopata umeme pale tu unapokanyaga. Mwekundu unaungwa kwenye huu wa pili. Aliyeunga upande wa kwanza amekiambia kisanduku kwamba dereva amekanyaga breki tangu asubuhi. Na aliyechukua njia ya mkato akaunga kwenye taa ya nyuma, ambako pikapu nyingi za Marekani hutumia globu moja kwa breki na indiketa, atashangaa breki zinapigapiga kila akiwasha indiketa au hazadi.

Hapa kuna mtego uliowahi kuninasa mwenyewe. Kontrola nyingi za kisasa hupima kasi ya gari kupungua, ndipo zinatoa umeme kwa kiwango hicho. Gari likiwa limesimama uani, hakuna kinachopungua. Unakanyaga hadi chini, mwenzako kule nyuma na testa, kile kitaa cha kupimia umeme, anasema hakuna kitu, nanyi mnakubaliana kwamba kontrola imekufa. Haijafa. Ukipima gari likiwa limesimama, tumia swichi ya mkono, na upandishe kiwango cha nguvu hadi mwisho.

Swichi ya mkono na pedali zote zikigoma, kosa ni waya mweusi, mweupe, wa bluu, au trela yenyewe. Kwa pikapu za Chevrolet Silverado za mwanzoni mwa miaka ya 2000, fungua boneti kwanza. Zile zenye vifaa vya kuvutia toka kiwandani zilikuja na waya za kontrola tayari chini ya dashibodi, lakini waya wa kuleta umeme wa betri uliachwa bila kufungwa, ncha yake imezungushiwa tepu karibu na boksi la fyuzi, ukisubiri mtu auweke kwenye nati yake. Gari linaweza kupita mikononi mwa wamiliki watatu bila yeyote kuijua ile ncha.

Pikapu mpya zaidi zina kontrola iliyojengewa ndani. Ford walianza nayo kwenye Super Duty ya 2005, wengine wakafuata. Hizo zinapima mkondo zenyewe na kuandika kwenye dashibodi kwamba waya za trela zina hitilafu. Ujumbe huo si hukumu. Gari linachoweza kuona ni mkondo wa pini ya bluu tu, halijui kama kilichoharibika ni sumaku, waya wa trela au uchafu ndani ya soketi yake lenyewe. Na tafadhali usikate waya za mfumo wa aina hiyo ili kuchomeka kisanduku cha dukani.

Sasa plagi. Ichomoe, tuanze na trela kwa kuwa haina kompyuta ya kubishana nayo.

Weka mita ya umeme kwenye omu, kipimo cha jinsi njia inavyouzuia umeme, pima kati ya pini ya bluu na pini ya ethi kwenye plagi ya trela. Sumaku moja ya breki ya inchi 10 au 12 ina kama omu 3.2. Sumaku zimeungwa sambamba, kwa hiyo mbili zinasoma kama omu 1.6 na nne kama 0.8. Ukipata 1.1 kwenye trela ya breki nne, sumaku moja haipo kwenye mzunguko. Mita isiposoma kitu, njia imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, kuna shoti. Kabla ya yote, gusanisha ncha mbili za mita uone inasoma nini: mita za bei rahisi huonyesha 0.2 au 0.3 kwa ajili ya nyaya zake zenyewe, na kwa namba ndogo kama hizi hiyo ni tofauti kubwa. Itoe kwenye jibu lako.

Kipimo cha pili ni cha nguvu. Chukua betri iliyojaa na waya mnene wenye fyuzi ya ampea 20, peleka chanya kwenye pini ya bluu ya trela na hasi kwenye pini ya ethi. Breki zikikamata sawasawa na ukasikia sumaku zote zikilia "tik" ndani ya dramu, trela haina neno. Rudi kwenye gari. Sumaku haijali waya wake upi ni chanya, kwa hiyo usipoteze muda hapo. Kama husikii vizuri, sogeza dira karibu na dramu, hata dira ya simu: sumaku ikiwaka, sindano inayumba.

Kwa upande wa gari, watu wengi wanachomeka testa kwenye pini ya bluu ya soketi, wanabonyeza swichi ya mkono, taa ya testa inawaka, wanasema gari ni zima. Si kweli bado. Testa inakula mkondo kidogo mno, na waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba unaweza kuiwasha vizuri kabisa. Mita nayo inachanganya, kwa sababu kontrola haitoi umeme mtulivu: inauwasha na kuuzima mara nyingi kwa sekunde, na volti unazosoma ni wastani tu. Zaidi ya hapo, kontrola nyingine hazitoi kitu hadi zihisi kuna trela. Dawa yangu ni globu ya taa kubwa, ile ya halojeni ya wati 55. Inakula ampea 4 na kitu, karibu sawa na sumaku moja au zaidi kidogo. Iunge kati ya pini ya bluu na pini ya ethi kwenye soketi ya gari, bonyeza swichi ya mkono, pandisha nguvu polepole. Ikiwaka nyeupe na kali, gari linatoa umeme wa kweli. Ikiwaka nyekundu kama mkaa, umekamata kosa. Hamishia waya wa ethi wa globu moja kwa moja kwenye hasi ya betri: ikiwaka vizuri sasa, ethi ya soketi ndiyo mbovu. Isipobadilika, kosa liko kwenye waya mweusi au wa bluu.

Kwenye trela yangu, kipimo cha betri ndicho kilichoniumbua. Nilipounganisha hasi ya betri kwenye pini ya ethi, breki ziligusa kwa uvivu. Nilipoihamishia kwenye chasisi ya trela, magurudumu yote manne yaligoma kuzunguka. Waya mweupe ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, hatua moja kutoka kwenye plagi, pale ulipokuwa ukikunjwa kila siku. Zilikuwa zimebaki nyuzi mbili tatu. Ethi kubwa ya trela ilikuwa inapita kwenye tufe la chuma ambalo trela inakalia, pamoja na kutu yake na grisi yake.

Lakini mbona taa zote zilikuwa zinawaka? Hapo ndipo penye fundisho la umeme ambalo hakuna aliyewahi kunieleza vizuri, kwa hiyo nitalipigia hesabu. Sumaku nne ni omu 0.8. Kwa volti 12 zinavuta ampea 15. Ongeza omu moja tu ya kutu njiani: sasa jumla ni 1.8, na mkondo unashuka hadi chini ya ampea 7. Zaidi ya nusu ya breki imeondoka. Taa zangu za nyuma zilikuwa za LED, zinavuta chini ya ampea moja zote kwa pamoja. Omu hiyohiyo moja inaziibia chini ya volti moja, na kwa jicho huoni tofauti yoyote. Na taa ya kijani ya kontrola? Kuitambua trela kunahitaji mkondo kiduchu. Kila kitu kiliniambia ethi ni nzima isipokuwa breki, nami sikuziamini breki.

Kuanzia siku hiyo sipimi ethi kwa omu. Nachomeka trela kwenye gari, namwambia mtu abonyeze swichi ya mkono hadi mwisho, kisha naweka ncha moja ya mita kwenye chasisi ya gari na nyingine kwenye chasisi ya trela. Ethi ikiwa nzuri, mita inasoma karibu na sifuri. Ukiona volti mbili au tatu, hizo ni volti zilizotakiwa kuwa kwenye sumaku zako.

Unene wa waya unaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Trela za bei rahisi hufungwa waya wa geji 16 (namba ya geji ikipanda, waya unakuwa mwembamba), ambao kwa mita 8 za kwenda na 8 za kurudi una kama omu 0.2. Jumla inakuwa 1.0, na ampea 15 zinakuwa 12. Sehemu moja kati ya tano imepotea na hakuna kilichoharibika! Waya wa geji 12, au 10 kwa trela ndefu, unaondoa sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Ukitaka kuuona mkondo wenyewe, tumia mita ya kubana inayosoma umeme wa betri, si zile zinazosoma umeme wa nyumbani tu. Ukijaribu kupitisha ampea 15 ndani ya mita ya kawaida, ambayo mwisho wake huwa ampea 10, utaunguza fyuzi yake na utadhani trela imekata. Kila sumaku ivute kati ya ampea 3 na 4. Trela ya breki nne ikisoma 9 au 10, kuna gurudumu halimo.

Makosa yanayokuja na kuondoka yana mahali pake panapopendwa. Kwenye trela nyingi, waya wa kutoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia unapita ndani ya bomba la ekseli. Humo unacheza kila ukipita shimo, unasuguana na chuma hadi ganda linatoboka. Trela ikisimama mita inasema safi. Barabarani kontrola inapiga kelele ya shoti, kisha inanyamaza. Usihangaike kuuvuta utoke uukague. Ukate pande zote mbili, uache ufie humo, upitishe mpya nje ya ekseli ndani ya ganda la plastiki. Saketi breka ndogo kwa mzigo nayo inaleta dalili inayofanana: inakata ikipata joto, ikipoa inajirudisha, na dereva anaapa kwamba trela ina jini.

Usisahau swichi ya dharura, ile yenye kamba ya chuma iliyofungwa kwenye gari. Trela ikikatika, kamba inachomoa pini na betri ndogo ya trela inapeleka umeme kwenye waya wa bluu. Kwa magari ya biashara, kanuni za Marekani zinataka breki hizo zishike kwa angalau dakika 15. Pini ikiwa imechomoka kidogo bila wewe kujua, kontrola inakutana na umeme usiotoka kwake. Na unapoijaribu swichi hiyo, chomoa plagi kwanza, kwa maana umeme wa kurudi nyuma unaweza kuiua kontrola. Hapo sasa utakuwa na sababu ya kweli ya kununua nyingine.

Kwa kuunga, viunganishi vile vya kubana na koleo bila kuchuna waya, vinavyochoma ganda kwa kisu kidogo, sivitaki kabisa kwenye trela. Maji na chumvi ya majira ya baridi vinaingia, shaba inageuka kijani, na mwaka unaofuata unaanza upya. Chuna waya, bana au lehemu kwa risasi, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Umeme wote ukiwa sawa na gurudumu moja bado halishiki, fungua dramu: mtu aliyepampu grisi nyingi mno kwenye beringi ameziloweka brekishu, na hapo hakuna mita itakayokusaidia.

Mimi nilibadilisha waya mweupe wote, kutoka kwenye plagi hadi kwenye ekseli. Kisha nikaenda kwenye barabara iliyonyooka isiyo na watu, mwendo wa maili 25 kwa saa, nikibonyeza swichi ya mkono na kupandisha nguvu kidogo kidogo hadi magurudumu ya trela yakaanza kukwaruza lami, nikarudisha nyuma kidogo. Kwa kontrola ya kwanza. Ile ya pili niliirudisha dukani. Waliipokea kwa kuwa sikuwa nimetupa boksi.